Je, kuita mafanikio 'baraka za Mungu' kunaficha upendeleo? Swali kutoka mpaka wa Kobero

Katika kituo cha mpaka cha Kobero, kaskazini mashariki mwa Burundi, husimama malori yaliyosafiri zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bandari ya Dar es Salaam. Yakimaliza taratibu za forodha, hushika njia ya Muyinga, na mengine huendelea kupitia Karuzi hadi Gitega, makao makuu ya kisiasa ya nchi. Upande wa pili wa mpaka ni Kabanga, katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera, nchini Tanzania.

Mfanyabiashara ambaye mzigo wake umepita salama akiulizwa siri ya kufanikiwa kwake, mara nyingi jibu huwa moja: ni baraka za Mungu. Jibu hilo hutolewa kanisani, msikitini, kwenye karamu za harusi na hata katika hotuba za viongozi. Ni jibu la adabu, na aghalabu ni la kweli moyoni mwa anayelitoa.

Lakini kuna swali ambalo waumini wenyewe wamekuwa wakiliuliza kwa karne nyingi. Ikiwa aliyenacho amebarikiwa, asiyenacho tumwite nani? Na je, neno 'baraka' linaweza kufunika mambo ambayo hayakushuka kutoka mbinguni bali yaliamuliwa na watu: mahali mpaka ulipochorwa, nani aliruhusiwa kusoma, nani alipewa ardhi ya nani, na nani anayeuziwa dola kwa bei ya serikali?

Historia ya eneo hili inatoa mifano ya kutosha ya kulitafakari swali hilo.

Mstari uliochorwa mezani

Tuanze na mpaka wenyewe. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maeneo haya yote yalikuwa ndani ya koloni moja, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mjerumani aliposhindwa, Uingereza na Ubelgiji zililazimika kugawana. Mwaka 1919 wajumbe wawili, Alfred Milner kwa upande wa Uingereza na Pierre Orts kwa upande wa Ubelgiji, walikubaliana juu ya mgawanyo huo. Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na Ruanda-Urundi ikawa chini ya Wabelgiji.

Mwanzoni eneo la Gisaka, mashariki mwa Rwanda, nalo liliwekwa upande wa Waingereza, waliotaka nafasi ya kupitisha reli waliyoiota ya kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika. Baada ya malalamiko, yakiwemo ya wamisionari Wakatoliki, Gisaka ilirudishwa Rwanda miaka michache baadaye. Bugufi haikuwa na bahati hiyo, ikiwa tunaweza kuiita bahati. Eneo hilo, ambalo kihistoria lilihesabiwa kuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, lilibaki Tanganyika, na leo limo katika wilaya ya Ngara. Wenyeji wake huzungumza Kihangaza, lugha iliyo karibu sana na Kirundi.

Maana yake ni kwamba watoto wawili wanaozaliwa leo, mmoja Kobero na mwingine Kabanga, wana mababu waliotoka katika ulimwengu mmoja wa lugha, kilimo na mila. Hata hivyo, mmoja huzaliwa raia wa nchi ambayo Benki ya Dunia iliipandisha mwaka 2020 hadi kundi la mataifa ya kipato cha kati cha chini. Mwingine huzaliwa katika nchi ambayo kwa miaka mingi imekuwa mkiani kabisa mwa orodha ya dunia kwa pato la wastani la kila mtu.

Mchumi Branko Milanovic, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, alionyesha kuwa zaidi ya nusu ya tofauti za kipato kati ya watu duniani inaweza kuelezwa na nchi wanayoishi pamoja na jinsi mapato yanavyogawanywa ndani ya nchi hiyo. Kwa watu wengi, hiyo ndiyo nchi walimozaliwa. Si bidii, si akili, na wala si wingi wa sala. Mtoto wa Kabanga hakufanya lolote kustahili upande wake wa mstari, na wa Kobero hakukosa lolote.

'Kuwa na Mungu' ni kuwa na bahati

Katika Kirundi, Mungu huitwa Imana. Lakini neno hilo lina upana ambao Kiswahili hakina. Kusema kwamba mtu 'ana Imana' ni njia ya kawaida ya kusema kwamba ana bahati. Bahati na Mungu vimekaa katika neno moja, kiasi kwamba ni vigumu kulitamka moja bila kulisikia la pili.

Majina ya watu yanashuhudia jambo hilo. Nshimirimana ni kumshukuru Mungu. Hakizimana ni kukiri kwamba aokoaye ni Mungu. Harerimana ni kusema kwamba Mungu ndiye aleaye. Jina la Rais Évariste Ndayishimiye, aliyeapishwa Juni 2020, nalo ni shukrani kwa Mungu. Nchini Rwanda, kaskazini mwa Muyinga, upo msemo wa zamani kwamba Imana hushinda kwingine mchana kutwa, lakini jioni hurejea kulala Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wengi waliuliza kwa uchungu Mungu huyo alilala wapi.

Kiswahili, kwa upande wake, kimetenganisha mambo haya. Kina baraka, neema, riziki, majaliwa na bahati, na kila neno lina uzito wake. Kilichokosekana ni neno moja linalokubalika na wote kwa ile hali ambayo wanasosholojia wameijadili sana katika miongo ya karibuni: faida anayokuwa nayo mtu kwa sababu ya kundi, ukoo, jinsia au mahali alipozaliwa, bila yeye kuiomba na mara nyingi bila kuiona. Neno 'upendeleo' linakaribia, lakini humfanya msikilizaji amtafute mtu anayependelea. Hali tunayoizungumzia haihitaji mtu wa namna hiyo. Inatosha sheria, desturi au mpangilio uendelee kama ulivyokuwa jana.

Hata hivyo, wahenga hawakukosa kuiona. Waliposema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hawakumshutumu mwenye shibe kuwa mwovu. Walisema tu kwamba shibe hupofusha.

Nani alipata kiti darasani

Elimu ndiyo ngazi ambayo familia nyingi za Burundi huitaja zinaposimulia baraka zao. Baba alisoma, akapata kazi ya serikali, akajenga, akasomesha. Simulizi hiyo ni ya kweli, ila ina sura za mwanzo ambazo si kila msimulizi huzisoma.

Mwaka 1929, chini ya Wabelgiji, shule iliyoendeshwa na watawa wa kiume wa Kikatoliki ilianzishwa Astrida, mji wa Rwanda unaojulikana leo kama Huye. Lengo lake lilikuwa kuandaa wasaidizi wa utawala kwa Rwanda na Burundi, na nafasi zake nyingi zilikwenda kwa wana wa machifu na wa familia za Kitutsi zilizokuwa karibu na utawala. Katika kipindi hichohicho Wabelgiji walipanga upya utawala wa machifu nchini Burundi, na kufikia katikati ya miaka ya 1940 machifu Wahutu walikuwa wameondolewa wote. Kijana aliyetoka Astrida na cheti mkononi alikuwa na kila sababu ya kumshukuru Mungu. Ila mlango aliopita ulikuwa na bawabu, na bawabu huyo alikuwa binadamu.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962, mambo yalizidi kuwa machungu. Mwaka 1972, baada ya uasi wa Wahutu kusini mwa nchi ulioua Watutsi wengi, jeshi na serikali ya wakati huo viliwaandama Wahutu waliosoma: walimu, watumishi wa umma, wanajeshi, wafanyabiashara, hata wanafunzi waliochukuliwa kutoka madarasani. Makadirio ya waliouawa yanaanzia watu 100,000 na kufika 300,000. Warundi hukiita kipindi hicho Ikiza. Kwa miaka mingi baadaye, familia nyingi za Kihutu ziliogopa kuwapeleka watoto shule. Wanahistoria na walioishi enzi hizo wameeleza pia jinsi karatasi za mtihani wa kuingia sekondari zilivyowekewa alama za siri za kutofautisha makabila.

Kuanzia mwaka 1966 hadi 1993, marais watatu waliofuatana, Michel Micombero, Jean-Baptiste Bagaza na Pierre Buyoya, wote walitoka Rutovu, iliyokuwa wilaya moja ya mkoa wa Bururi. Ni vigumu kuamini kwamba kwa miaka 27 Imana aligawa vipaji vya uongozi katika eneo hilo moja pekee.

Mkataba wa Amani wa Arusha, uliotiwa saini Agosti 2000, ulikuwa kwa kiasi kikubwa jaribio la kuvunja mifumo ya aina hiyo. Katiba ya mwaka 2005 iliyotokana nao iliweka mgawanyo wa asilimia 60 kwa 40 kati ya Wahutu na Watutsi katika Bunge na serikali, nusu kwa nusu katika jeshi, angalau asilimia 30 kwa wanawake, na viti vitatu kwa Watwa katika kila baraza la Bunge. Mwaka huohuo serikali mpya ilifuta ada ya shule za msingi, na madarasa yakafurika. Watoto hao hawakubarikiwa ghafla mwaka 2005. Uwezo walikuwa nao tangu mwanzo, na kilichobadilika ni amri.

Ardhi iliyopatikana wakati mwenyewe hayupo

Katika nchi ya wakulima yenye msongamano mkubwa wa watu, hakuna baraka inayoonekana kwa macho kuliko shamba. Na hakuna mahali ambapo swali letu limekuwa na uzito zaidi.

Maelfu kwa maelfu ya waliokimbia mwaka 1972 walikaa Tanzania miongo mingi. Wengine waliwafuata baada ya mwaka 1993, pale Rais Melchior Ndadaye alipouawa, Watutsi wengi wakauawa vijijini, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Kobero ilikuwa mojawapo ya njia kuu za kurejea. Mwaka 2002 shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, lilianza kusaidia urejeaji wa hiari kutoka kambi za Ngara, na misafara ikaingia Burundi kupitia hapa.

Waliorudi, hasa wale wa mwaka 1972 waliotoka kusini, walikuta mashamba yao yana watu wengine. Baadhi ya waliokuwa humo walipewa na serikali, baadhi walinunua bila kujua, wengine walizaliwa humo humo. Na sheria ilikuwa imewatangulia. Kanuni ya ardhi ya mwaka 1986 ilimruhusu mtu aliyekaa kwenye ardhi kwa miaka 30 kuihesabu kuwa yake, na ukihesabu kutoka 1972, miaka 30 inafika 2002. Mkataba wa Arusha ulikuwa umetambua haki ya wakimbizi kurudishiwa mali zao, lakini kuitekeleza haki hiyo ni jambo jingine.

Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006 kushughulikia mashauri hayo, na kwa miaka mingi iliongozwa na makasisi wa Kikatoliki. Mwanzoni ilielekea kuwapatanisha watu kwa kuwagawia shamba nusu kwa nusu. Baadaye ikabadili msimamo na kutaka mali irudi nzima kwa mwenyewe wa awali, na uamuzi huo ulizua mivutano mikali. Wakati huohuo, Watutsi waliokimbia vilima vyao mwaka 1993 na kuishi katika makazi ya wakimbizi wa ndani nao walikuwa na mashamba ambayo waliogopa kuyarudia.

Mtazame mkulima aliyerithi shamba kutoka kwa baba yake aliyelipata mwaka 1973. Amelima kwa jasho lake, amezika wazazi wake hapo, na kila mavuno hutoa shukrani kanisani. Hajaiba kitu. Hata hivyo, anaposema mbele ya mwanamke aliyerudi kutoka Ngara kwamba shamba hilo ni baraka aliyopewa na Mungu, neno lake linamwambia mwanamke huyo kitu kizito: kwamba Mungu ndiye aliyemnyang'anya. Hapa neno la shukrani limegeuka hati ya umiliki.

Kwa Watwa, ambao ni sehemu ndogo sana ya idadi ya watu, hata mgogoro wa kugombea shamba ni anasa. Wengi wao hawajawahi kuwa na ardhi ya kutosha kulima, na baadhi waliishi chini ya desturi ya kulimia wenye ardhi kwa malipo ya kuruhusiwa kukaa. Desturi hiyo ilipigwa marufuku rasmi katika miaka ya 1970, lakini marufuku haikuja na shamba.

Dola moja, bei mbili

Mfano wa karibuni zaidi unapatikana palepale kwenye foleni ya malori. Kwa miaka kadhaa sasa Burundi imekabiliwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Uhaba huo umezaa uhaba wa mafuta, na wakazi wa mikoa ya mpakani wamekuwa wakivuka na vidumu kutafuta petroli upande wa Tanzania. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha kwa kiasi kikubwa thamani rasmi ya faranga, lakini pengo kati ya bei ya benki na bei ya mtaani liliendelea, na kuna wakati dola mtaani iliuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi.

Katika hali kama hiyo, mwagizaji anayeuziwa dola kwa bei rasmi amepata nusu ya faida yake kabla lori halijaondoka Dar es Salaam. Mwenzake anayetegemea soko la mtaani huanza safari akiwa na hasara. Wote wawili wanaweza kuamka alfajiri, kusali kwa moyo mmoja na kufanya kazi kwa bidii ileile. Kinachowatenganisha ni saini ya ofisini. Inapotokea kwamba wa kwanza amenunua lori la pili na wa pili ameuza alilokuwa nalo, kuuita mwisho huo baraka kwa mmoja na mtihani kwa mwingine ni kuiacha saini nje ya hadithi.

Vivyo hivyo kwa viwanja. Bunge lilipoidhinisha mwanzoni mwa mwaka 2019 kwamba Gitega iwe makao makuu ya kisiasa, uamuzi huo uligusa thamani ya ardhi kama unavyofanya uamuzi wa namna hiyo popote duniani. Mwenye kiwanja karibu na mahali ofisi zitakapojengwa huongezewa mali bila kunyanyua jembe. Aliyepata habari mapema huongezewa zaidi.

Baraka zinapoingia Ikulu

Swali hili hupata ukali mwingine linapoguswa na siasa. Hayati Pierre Nkurunziza, aliyetawala kuanzia mwaka 2005 hadi kifo chake Juni 2020, alikuwa mlokole aliyeandaa mikutano mikubwa ya maombi pamoja na mkewe, Denise, ambaye ni mchungaji. Timu yake ya soka iliitwa Haleluya. Hakuficha imani yake kwamba uongozi wake ulitokana na mapenzi ya Mungu.

Ni rahisi kumkosoa, lakini historia yake yenyewe inadai uangalifu. Baba yake, aliyekuwa mbunge, aliuawa mwaka 1972. Yeye mwenyewe aliingia msituni, akahukumiwa kifo bila kuwepo mahakamani, akajeruhiwa vitani na kunusurika. Kwa mtu aliyepitia hayo, kuona mkono wa Mungu si jambo la ajabu.

Tatizo lilijitokeza pale kunusurika kulipogeuka haki ya kutawala. Mwaka 2015 alipowania muhula wa tatu, maaskofu Wakatoliki wa Burundi walipinga wakisema Katiba na Mkataba wa Arusha haviruhusu. Ghasia zilizofuata ziliwafanya zaidi ya watu 400,000 kuikimbia nchi. Waumini wa pande zote mbili walimwomba Mungu yuleyule. Ugomvi haukuwa kuhusu kuwepo kwa Mungu bali kuhusu nani ana ruhusa ya kusema kwa niaba yake.

Kwa nini watu huendelea kusema hivyo

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kila anayesema 'nimebarikiwa' anaficha jambo. Kwa watu wengi wa Muyinga na Gitega, kauli hiyo hutoka kwa wasio na upendeleo wowote. Mama aliyejifungua salama baada ya kutembea mwendo mrefu hadi zahanati, mkimbizi aliyerudi akakuta kaka yake hai, mkulima ambaye mvua imemkuta amekwisha kupanda: hawa hawatetei cheo. Wanakataa kukata tamaa. Kuwaambia waache kumshukuru Mungu mpaka wafanye uchambuzi wa jamii ni kuwapokonya kitu kimoja ambacho hakuna serikali iliyoweza kuwapokonya.

Zaidi ya hayo, kumshukuru Mungu kunaweza kuwa unyenyekevu wa kweli. Anayesema amepewa hasemi amejitafutia mwenyewe. Kauli ya kwamba kila kitu nilichonacho ni jasho langu huenda ndiyo inayoficha upendeleo zaidi, kwani hiyo haimwachii nafasi Mungu wala mtu mwingine. Kati ya mbili hizo, ya kwanza angalau inakubali kwamba kuna mtoaji.

Isitoshe, mila ya Burundi ya kutoa majina haikuwahi kumsingizia Mungu kila kitu. Sambamba na majina ya shukrani kuna majina yanayowasema majirani. Nzikobanyanka, kwa mfano, ni jina linalomaanisha 'najua kwamba wananichukia'. Wazazi waliotoa majina ya aina hiyo walijua vizuri kwamba mengine hutoka kwa Mungu, na mengine hutoka kwa watu.

Dini zenyewe zinaonya

Mwanasosholojia wa Kijerumani Max Weber, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliandika kwamba mtu mwenye bahati huwa haridhiki na bahati yake tu. Hutaka pia kuamini kwamba anaistahili, na kwamba asiye nayo amepata anachostahili. Weber aliona kuwa dini mara nyingi huitwa kutoa uthibitisho huo. Mahubiri ya mafanikio, yaliyokuzwa Marekani katika karne ya 20 na kuenea katika miji mingi ya Afrika Mashariki, yanaweza kusomwa kama mwendelezo wa hitaji hilo: utajiri unakuwa dalili ya imani, na umaskini unakuwa upungufu wake.

Lakini maandiko ambayo waumini wa Burundi wanayasoma yanaelekea kwingine. Katika kitabu cha Ayubu, marafiki wanaomwambia kwamba lazima alikosea ndipo akapoteza mali na watoto, mwishowe hukemewa na Mungu mwenyewe. Katika Injili ya Yohana, Yesu anapoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, anakataa msingi wa swali. Kumbukumbu la Torati linawaonya wenye kushiba wasijisifie nguvu za mikono yao, na kitabu hichohicho kinaamuru haki ya mgeni, yatima na mjane ilindwe.

Waislamu, ambao ni wachache nchini Burundi lakini wana historia ndefu ya biashara katika miji yake, wanakutana na onyo la wazi zaidi katika Sura ya Al-Fajr. Humo anatajwa mwanadamu ambaye akineemeshwa husema Mola wake amemtukuza, na akipunguziwa riziki husema Mola wake amemdhalilisha. Kurani inakanusha fikra zote mbili, kisha mara moja inawageukia watu na kuwauliza habari za yatima na maskini. Neema, kwa mujibu wa aya hizo, ni mtihani kama ulivyo mtihani wa dhiki, na mtihani wake ni namna mtu anavyowatendea wengine.

Kwa maneno mengine, wanaouliza kama neno 'baraka' linaficha dhuluma hawaishambulii dini kutoka nje. Wanarudia swali ambalo limo ndani yake.

Shukrani isiyofunga hesabu

Je, basi, kuita mafanikio baraka za Mungu kunaficha upendeleo? Kunaweza kuficha, na kunaweza kufichua, kulingana na kile msemaji anachofanya baada ya kusema.

Ikiwa 'ni baraka' ndiyo mwisho wa mazungumzo, basi neno hilo limefanya kazi ya pazia. Limeuchukua mpaka wa mwaka 1919, mtihani wenye alama za siri, kanuni ya miaka 30 na saini ya dola, na kuvitwika vyote kwa Mungu ambaye hakuvitia sahihi. Lakini ikiwa neno hilo linafungua swali la pili, yaani baraka hii ilinifikia kupitia mikono ya nani, na ni nani aliyebaki nje ya mlango nilipoingia, basi shukrani inakuwa mwanzo wa haki.

Hili si jambo la nadharia. Wajumbe waliokaa na familia mbili zinazodai shamba moja walijua kwamba hakuna suluhu itakayodumu ikiwa upande mmoja unaamini umepewa shamba na Mungu na upande wa pili unaamini umeporwa na jirani. Mahali ambapo watu walikubaliana kugawana, mara nyingi ilibidi kwanza mmoja akubali kusema kwa sauti kwamba, kabla yake, hapa palikuwa na watu.

Leo malori yanaendelea kuvuka Kobero, na wanaovuka kwa miguu wanaendelea kubeba vidumu na magunia. Kila mmoja wao akifika salama atamshukuru Imana, na ana haki ya kufanya hivyo. Mwenye lori anaweza kuongeza jambo moja: kumtazama mwenye kidumu, na kukumbuka kwamba kilichowatenganisha asubuhi ile hakikuwa sala.